Mvua za Jumatatu

Simu ya msiba wa Ezekia Ndahani ilinikuta mezani, nakula ndizi kwa maharage. Aliyepiga alikuwa mwanawe mkubwa, Yona. Aliniamkia kwa adabu, akavuta pumzi, akasema baba amefariki alfajiri. Nikampa pole, nikasema Mungu awatie nguvu, nikasema yote yanayopasa kusemwa. Kisha nikamuuliza watamzika wapi. Akasema nyumbani, Mvumi, Jumamosi. "Nitakuja," nikamwambia. "Mtani hakosi msibani." Nilipokata simu nilimaliza chakula changu, nikaosha sahani, ndipo nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nalisema mapema ili anayetafuta kumbukumbu za kizee zilizojaa msamaha afunge kitabu hapa hapa, asije akanilaumu mbele. Mimi ni Mnyamwezi na marehemu alikuwa Mgogo, na tangu enzi za misafara makabila yetu ni watani: tunatukanana bila kununa, tunanyang'anyana bila kushtakiana, na akifa mmoja mwenzake huja kufanya vituko makaburini na hakuna wa kumfukuza. Mila hiyo ndiyo iliyoniibia ujana wangu. Nilikuwa nimeisubiri muda mrefu inirudishie.

Magazeti yalimwita bingwa wa kompyuta zinazojifunza. Mimi nilimjua kabla hajajua kitufe cha kuiwashia kompyuta kiko upande gani. Tulikutana Dodoma, katika miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa ghafla vitu ambavyo jana yake tulikuwa tukivipangia foleni. Sabuni za kunukia zilimwagwa barazani kama viazi, mitumba ikafika sokoni kwa malori, na kila uliyekutana naye alikuwa na biashara pembeni, hata mwalimu, hata karani. Nilipanga chumba Majengo kwa Bi Zuhura, mjane ambaye mababu zake walikuja na misafara kutoka pwani wakaona hapa panafaa, wakabaki. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati. Kwa hiyo usiri haukuwepo: nilijua wakwe zake wa chumba cha pili walinunua marobota ya mitumba kwa bei gani na yupi alimdhulumu nani, na wao walijua siku niliyolia. Asubuhi alinipa vitumbua na chai ya rangi yenye sukari nyingi mno, maana mimi na sukari wakati ule tulikuwa ndugu. "Kunywa, mwanangu," aliniambia, "hesabu hazikai kwenye kichwa chenye njaa."

Mimi na Ezekia tulitoka chuo kikuu pamoja, wote fizikia, tukaajiriwa wasaidizi katika kituo kimoja cha utafiti wa mvua. Sikitaji jina, waliopo leo hawana kosa. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta, nayo ikapewa chumba kizuri kuliko cha Mkuu wa kituo: kiyoyozi, zulia, mapazia mazito, na kitambaa cha kufuma ambacho mhudumu aliifunikia kila jioni kama redio ya sebuleni. Viatu tulivua mlangoni. Nje vumbi la Dodoma linaingia mpaka kwenye meno, ndani sisi wawili tumevaa masweta ya mitumba tunatetemeka. Tuliambiwa wazi tangu mwanzo: kuna nafasi moja ya masomo ng'ambo, na itakwenda kwa atakayeifanya ile mashine itabiri mvua vizuri zaidi. Nafasi moja. Mimi niliitaka kuliko nilivyokitaka kitu chochote, kabla ya hapo wala baada yake. Mvua kwangu ilikuwa mlango tu. Nilichokipenda hasa ni atomu, vile vitu vidogo visivyokubali kusemwa kwamba viko hapa au viko pale, vinavyokubali kusemwa kwa uwezekano peke yake. Nilikuwa nimesoma kwamba ng'ambo kuna watu wanaviigiza ndani ya kompyuta, wanavitazama vinavyohangaika. Niliota hayo usingizini.

Siku hizi kila mtoto anazungumza habari za mashine zinazojifunza. Wakati ule ilibidi nimweleze Mkuu kwa mfano wa kulea. Huipi kanuni, nilimwambia. Unaionyesha mvua za miaka iliyopita, unaiacha ikisie ya kesho, ikikosea unaisahihisha, inarudia, mpaka inapata hisia. Mkuu alitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Ezekia yeye alisikiliza vizuri. Ezekia alikuwa na masikio mazuri sana, nampa haki yake. Mikono ndiyo ilikuwa mivivu: alichapa tarakimu kidogo, akapiga soga nyingi, akatoka kwenda kuangalia kama nyama imeiva kibandani. Nami siwezi kusema sikumpenda. Alinichekesha. Aliniita mpagazi wake, akiniona na mzigo wa makaratasi anapaza sauti, "Mbebee Mgogo, ndivyo mlivyoumbwa!" Nami namjibu kwamba watu wa kwao wamekula mlenda mpaka kope zinateleza. Ofisi nzima inacheka.

Programu yangu ilipoanza kukisia vizuri, ikazua kituko. Kwa kituo cha Mvumi ilishikilia kwamba Jumapili mvua hainyeshi kabisa na Jumatatu inanyesha kupita kiasi. Niliikagua, nikaifundisha upya, ikarudi pale pale. Ezekia alicheka mpaka akashika meza. "Mtani, kompyuta yako imeokoka! Inaheshimu Sabato!" Sasa fikiria: Mvumi ni kwao. Alizaliwa pale, kila mwisho wa mwezi alikwenda kumwona mama yake. Kuuliza tu ilikuwa kazi ya kuvuka barabara. Hakuuliza. Niliyekwenda ni mimi, Jumamosi moja, juu ya lori la magunia ya mtama, mpaka kwa Mzee Mathiya, aliyekuwa akisoma kipima mvua nyuma ya nyumba yake kila siku saa tatu asubuhi. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo. Bintiye Nyemo, msichana mwenzangu wa rika langu, alinitengea ugali wa uwele na mlenda, akajizuia kucheka aliponiona mlenda unanishinda, halafu akashindwa kujizuia. Baada ya kula nikamuuliza mzee kuhusu Jumapili.

"Jumapili sifanyi kazi," akanijibu, akinishangaa. "Naandika sifuri, maana wale wa mjini hawataki pabaki wazi. Jumatatu napima yote kwa pamoja. Mvua ni ya Mungu na Jumapili ni ya Mungu, mwanangu. Haijapotea hata tone."

Nilibaki nimeshika kikombe. Mashine haikuwa imejifunza mvua. Ilikuwa imejifunza dini ya Mzee Mathiya, na ilikuwa imeisoma vizuri kabisa! Nyemo aliniuliza kama ninaumwa. Nikamkumbatia yule binti mpaka akaguna. Nililala kwao, Jumapili nikaenda nao kanisani, na Jumatatu saa tatu nikasimama na mzee kwenye kipima mvua kushuhudia. Niliporudi mjini niliandika upya programu, nikaifundisha kuigawa mvua ya Jumatatu kwa siku mbili kufuata mvua za vituo jirani, kisha nikaituma iwatafute wazee wengine kama yule katika mkoa mzima. Ikawapata. Makisio yakanyooka. Mpaka leo, baada ya maisha yote haya ya kuigiza atomu, hesabu ikikubaliana nami upesi mno huwauliza wanafunzi wangu: Jumapili ya nani imejificha humu? Wao hudhani ni methali ya Kinyamwezi.

Na hapa ndipo utani unapoingia na meno yake. Mtani ana ruhusa ya kunyakua kitu chako, nawe unakikomboa kwa kumnunulia chochote, mnacheka, basi. Ezekia alikuwa ameninyakulia kalamu, mwavuli, mara moja hata kiatu nilichovua mlangoni. Siku moja mchana, mbele ya watu wote waliokuwa wakila, akanichomolea disketi yenye programu yangu mkobani, akaipeperusha juu: "Nimeteka! Mnyamwezi akomboe!" Watu wakapiga makofi. Nami nikacheka, mjinga mimi! Nikasema nitakomboa jioni kwa mishikaki. Jioni tukala mishikaki, akanirudishia disketi yangu, akanishukuru kwa chakula. Mchana mzima ilikuwa mikononi mwake na kompyuta ilikuwa mbele yake. Sikuwaza. Nani anamhesabia mtani?

Juma lililofuata akaja mgeni wa wafadhili kusikiliza kazi yetu. Nilikuwa nimejiandaa, nimepiga pasi gauni. Mkuu akanitokea koridoni. "Kabula, mwanangu, hebu tuwekee sawa mambo ya chai, mhudumu hayupo. Ndahani ataanza." Nikaenda jikoni, nikachemsha maji, nikapanga vikombe na vitumbua nilivyonunua mwenyewe kwa Bi Zuhura. Nikiwa mlangoni na sinia nikamsikia. Alikuwa anaeleza habari za Mvumi. Alieleza vizuri, sauti imetulia, kwamba yeye kama mzaliwa wa pale aliona jambo ambalo mgeni asingeliona, kwamba kuna mzee mmoja mcha Mungu. Akasema hata lile la tone lisilopotea, nililomsimulia mwenyewe niliporudi. Mgeni akacheka kwa furaha. Mkuu akasema, "Kijana wetu huyu anaona mbali." Nikaingia na chai. Nikamimina. Ezekia akanitazama, akakonyeza jicho, akasema mbele ya wote, "Huyu ni mtani wangu, ndiye mpagazi wa kazi hii." Wakacheka tena, na mgeni akacheka kwa sababu wenyeji wanacheka.

Nilikwenda kushtaki, usidhani sikwenda. Mkuu alinisikiliza akiwa anachokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti. "Wewe na Ndahani si watani?" akaniuliza. "Mtani akichukua, tangu lini mtu akashtaki? Nendeni mkamalizane huko huko." Halafu akashusha sauti kama anayenifanyia hisani. "Na wewe ni binti. Kesho utaolewa, nafasi ipotee bure." Nikamfuata Ezekia nje. Nikamwambia, "Rudi ukaseme kweli." Alikuwa ameegemea ukuta anakula zabibu, anatema kokwa. Akasema, "Mtani, si ungekomboa vizuri? Mishikaki tu!" Akaniwekea zabibu kiganjani. Nikazitupa usoni mwake, na waliokuwa barazani wakashangilia, maana waliona utani umenoga. Nikajua hapo kwamba hata nikimpiga mawe watacheka.

Nilirudi Majengo nikalia, na kwa kuwa kuta hazikufika juu, mtaa ulisikia. Bi Zuhura akaja akaketi kitandani. Sikutarajia aseme alichosema, nilitarajia subira na kheri. Akaniuliza, "Huyo Mgogo ni mtani wako kweli? Basi usihangaike na mabosi. Mtani halipwi ofisini. Mtani hulipwa msibani. Akifa, nenda kakalie kaburi lake mpaka wakupe unachotaka. Watatoa, hawana namna, maiti haiwezi kukaa juu." Nikamwambia bado kijana yule, atakufa lini? Akainuka akijinyoosha mgongo. "Sasa hapo, mwanangu, omba tu usitangulie wewe."

Ezekia akaenda ng'ambo. Mimi nikaenda kufundisha sekondari, chaki, vidole vyeupe, miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nafasi yangu nilikuja kuipata kwa kuchelewa, wenzangu darasani wakiniita mama. Nilisoma fizikia ya kwanta, nikaigiza atomu zangu hatimaye, nikazifundishia mashine, nikawa profesa, na kazi yangu inasomwa mahali ambapo jina la Dodoma hawawezi kulitamka. Watu huniambia basi si ulifika? Nilifika nimechoka. Miaka yangu ya akili kali, ile ambayo mtu wa fizikia haipati mara mbili, niliitumia kusahihisha mitihani ya wanafunzi wasiojua tofauti ya uzito na tungamo. Na kila nilipokutana na Ezekia mikutanoni, tumbo limetangulia, alipaza sauti ukumbi mzima: "Mtani wangu! Mpagazi!" Kisha anapanda jukwaani kusimulia mvua za Jumatatu. Aliisimulia hadithi ile mpaka ikawa ndiyo yeye. Nami niliketi safu ya mbele nikimtazama rangi ya macho na uvimbe wa miguu. Niliacha sukari. Niliacha chumvi. Nilitembea kila asubuhi, mvua na jua. Daktari wangu alinisifia sana, akadhani ni ushauri wake.

Jumamosi ile Mvumi ilijaa. Wasomi kutoka mjini, suti nyeusi chini ya turubai, na wenyeji wake wa siku zote. "Mbukwenyi!" nikawasalimu kwa sauti kubwa, nikaingia ndani, nikanyakua kofia ya marehemu ukutani, nikaivaa, nikatoka nikiiga mwendo wake wa tumbo mbele. Hata mjane alicheka huku anafuta machozi. "Mtani kafika," watu wakasema. Mchungaji akaongoza ibada, Yona akasoma wasifu wa baba yake, na nilijua itafika, ikafika: kwamba marehemu, akiwa kijana, kwa jicho lake pekee, aligundua siri ya mvua za Jumatatu hapa hapa kijijini kwake, na huo ukawa mwanzo wa kila kitu. Watu wakatikisa vichwa. Jeneza likabebwa. Nikatangulia mbele kwa kasi niliyoitunza miaka yote ile, nikatandika khanga kwenye mdomo wa kaburi, nikaketi, miguu nimeining'iniza shimoni.

Walicheka. Wajomba wakaja na noti, ndivyo inavyofanywa, mtani hupewa chochote akapisha. Nikazirudisha. Wakaongeza, nikazirudisha. Vicheko vikaanza kupungua pembeni. Yona akaja akachuchumaa karibu nami, kijana mzima mwenye mvi mbili tatu. "Mama Kabula, sema unachotaka. Jua ni kali."

"Soma tena pale pa Jumatatu."

Akasoma. Nikasema kwa sauti iliyofika mpaka turubai la suti, "Uongo. Nauliza watu wa Mvumi. Aliyekuja kwa Mzee Mathiya kuuliza habari za Jumapili alikuwa nani?"

Mchungaji akatazama saa. Waliobeba jeneza wakabadilisha mabega. Kwa kitambo niliona nimeshindwa, nimekuwa bibi kichaa aliyevaa kofia ya maiti. Ndipo kutoka kwa wanawake sauti ikatoka, haina haraka. "Alikuwa binti wa Kinyamwezi. Alikuja na lori la mtama. Mlenda ulimshinda." Nyemo alikuwa ameegemea fimbo, mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka. "Ezekia hajawahi kumuuliza baba chochote. Alikuwa anapita tu hapo nje, anapiga mluzi."

Hakuna aliyecheka tena. Nikamwambia Yona aseme basi, mwenyewe, kwa mdomo wake. Akasimama. "Mvua za Jumatatu," akasema, "ziligunduliwa na Kabula Maganga. Baba alizichukua."

"Aliziiba," nikasema.

Yona akanitazama, macho yamejaa. Mzee mmoja wa ukoo akapiga fimbo chini: "Sema, mwanetu. Mtani hakasirikiwi. Tunataka kuzika."

"Aliziiba," Yona akasema.

Nikakunja khanga yangu, nikavua ile kofia nikaitupia shimoni, nikapisha. Sikulia. Moyo wangu ulikuwa mwepesi na mtamu, na sioni sababu ya kudanganya.

Nililala kwa Nyemo. Asubuhi Yona akaja kuniaga, akakataa kiti. Akasema kuna jambo baba alimwagiza hospitalini: akifa, wa kwanza kupigiwa simu awe mtani wake Kabula, kabla hata ya ndugu. "Alisema, atakuja kunidai kaburini. Atakachotaka mpeni. Nilimuuliza ni nini, akacheka tu." Kwa hiyo hata hicho alitaka nionekane nimepewa na yeye! Nikamwambia Yona, "Baba yako hakunipa kitu. Nilikaa pale mwenyewe, kwa makalio yangu. Ukisimulia, usikosee hapo." Akaitikia ndiyo mama, akaenda.

Nyemo alikuwa amemimina chai. Akasogeza bakuli la sukari, kisha akakumbuka akalirudisha nyuma. "Jana ulisema hutumii."

"Lete," nikamwambia. Nikatia vijiko vitatu, vimejaa, nikakoroga taratibu, nikanywa yote.